Amezeeka Tu Huyo

Mbwa wetu Waache alikuja nyumbani mwaka 2011 ndani ya boksi la sabuni, wiki moja baada ya marehemu baba kukosana na jirani kuhusu mpaka wa kiwanja. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa hatua mbili za ardhi na mwembe mmoja. Baba hakuwa mtu wa kurushiana maneno, kwa hiyo hasira zake alizimalizia kwa mbwa: akampa jina la Waache Waseme. Kila jioni alisimama barazani na kuita kwa sauti ya kuvuka michongoma, "Waache Waseme! Njoo ule!" Jirani anasikia, anajua ni yeye anayesemwa, na hana pa kushtaki. Baraza la kata halisikilizi kesi ya jina la mbwa.

Baba alifariki 2019. Mpaka ulishapimwa, mwembe ulishaangushwa na upepo. Mbwa amebaki na jina lake kama bango la uchaguzi uliopita, na mwaka huu ana miaka 14.

Kilichonishtua kwanza ni kucha. Baraza letu ni la saruji nyekundu, ile ya kupigwa nta, na zamani Waache akipita husikii kitu. Nikaanza kusikia kwaru, kwaru, kwaru. Nikamwinua mguu wa nyuma na kuutazama: kucha mbili za kati zilikuwa zimelika upande wa juu, kama penseli iliyochongwa na mtoto. Alikuwa anaburuza vidole. Na zile ngazi tatu za baraza, alizozoea kuziruka zote kwa mara moja, sasa alikuwa anafika chini yake, anasimama, anazitazama kama mtu anayesoma bili ya maji, ndipo anapanda mguu mmoja mmoja.

Nikamwonyesha mama. Mama akatazama kidogo, akaendelea kuchambua mchele.

"Amezeeka tu huyo."

Maneno hayo nayajua tangu utotoni. Tulikuwa na mbwa anaitwa Jeki, akakonda, akawa halali wala haamki, pua inamtoka damu, na kila aliyepita getini akasema hivyo hivyo: amezeeka huyo. Siku moja mjomba alikuja na pikapu na kiroba kitupu. Sisi watoto tuliambiwa Jeki ametoroka. Mbwa asiyeweza kupanda ngazi ametoroka! Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba kukonda, ufizi mweupe na damu puani ni dalili za ugonjwa unaoletwa na kupe, wale wa kahawia wanaojificha kwenye nyufa za banda. Vijidudu vyake vinaitwa Ehrlichia, na ukiwahi, vidonge vya doksisaiklini vya mwezi mmoja hivi mara nyingi vinamwinua mbwa. Jeki sidhani hata kama alikuwa amefika miaka minane.

Kwa hiyo safari hii nilijiambia sitakubali jibu la uzee. Nilichofanya kikawa kibaya kuliko kukubali.

Mama ana magoti. Kwenye kabati lake hakukosekani diklofenaki, vile vidonge vya miligramu 50 ambavyo nusu ya akina mama wa mtaa wetu wanavimeza kama karanga. Nikafikiri: maumivu ni maumivu. Nikakata kidonge nusu, nikakificha ndani ya tonge la ugali, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza Waache alipanda ngazi bila kusimama na mimi nikajiona daktari. Siku ya tatu akatapika. Siku ya nne nikakuta nyuma ya banda kinyesi cheusi, kinachonata kama lami ya barabarani, na mbwa amelala pembeni yake, hataki hata kuinua kichwa.

Dereva wa bajaji wa kwanza alikataa kutubeba. Wa pili akakataa. Wa tatu akasema elfu kumi, na nitandike kiroba.

Morogoro tuna bahati moja ambayo miji mingi haina: hapa ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na madaktari wa mifugo wanasomea hapa hapa. Nyie wa mbali mnaomtegemea bwana mifugo mmoja kwa kata nzima, naye kazi yake kubwa ni ng'ombe na kuku, najua hamna urahisi huu. Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo kwangu. Akaniuliza nimempa nini. Nikasema. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Alichonieleza wakati anamtafuta mshipa wa dripu ni hiki. Dawa kama diklofenaki na aibuprofeni zinatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Sisi wenyewe zinatuchoma tumbo. Mbwa zinampata haraka zaidi, na mbwa mzee ambaye figo zake zimeshachoka zinaweza kumuua. Ule weusi kama lami ni damu iliyomeng'enywa. Panadol nayo si ya kujaribia: kipimo kikizidi inaharibu ini na damu, na kwa paka kidonge kimoja tu kinatosha kuua.

"Dawa za maumivu za mbwa zipo," akasema, "ila zinapimwa kwa kilo."

Akanipigia hesabu kwenye karatasi. Meloksikamu, ambayo hata binadamu anaitumia, mbwa akishamaliza siku ya kwanza anapewa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Waache alikuwa na kilo 15, kwa hiyo ni miligramu moja na nusu. Kidonge cha binadamu kipo cha miligramu 15. Ningemnunulia hicho dukani kwa kujidai nimejifunza, ningempa dozi ya siku kumi kwa mara moja. Na hata hiyo ndogo hapewi mbwa kabla damu haijapimwa ikaonekana figo na ini vinafanya kazi, wala haichanganywi na dawa nyingine ya aina hiyo, wala hapewi mbwa ambaye tumbo limetoka kuvuja damu juzi. Kwa hiyo tulisubiri wiki kadhaa, tumbo lipone kwanza.

Tumbo lilipotulia ndipo akamkagua kwa nafasi, kuanzia puani. Nimekaa na mbwa tangu nizaliwe na sikuwahi kuona mtu anamtazama mbwa hivyo. Macho ya Waache yana ukungu wa bluu na sote nyumbani tulishamtangaza kipofu. Dokta akachukua pamba, akaifinyanga kitonge, akaiachia ianguke mbele yake. Pamba haina sauti. Waache akaifuata kwa macho mpaka chini. Akarudia upande wa pili, akaifuata tena. Ule ukungu, akasema, ni lenzi ya ndani ya jicho inayokakamaa kwa umri, mbwa wengi wakubwa wanao na wanaona vizuri tu, labda kasoro kwa vitu vya karibu. Mtoto wa jicho ni kitu kingine: huo ni weupe kama maziwa, na huo ndio unaofunga njia. Halafu akapiga makofi nyuma ya kisogo cha mbwa. Waache hakugeuka. Masikio ndiyo yaliyokwenda. Na sisi tulikuwa tunamlaumu kwamba amekuwa mkaidi, hatii akiitwa!

Kisha akamfunua mdomo. Upande wa kushoto, nyuma, jino kubwa lilikuwa limefunikwa na ugaga wa kahawia mgumu kama kokoto, na chini yake usaha. Hapo nikaelewa miezi sita ya sahani. Waache alikuwa anakuja kwenye chakula mbio, ananusa, anashika tonge, analiachia, anaondoka. Mama alikuwa anasema wazee hawali sana. Kumbe njaa anayo, mdomo ndio hautaki. Waliling'oa hilo pamoja na mengine matatu, chini ya dawa ya usingizi. Nilikuwa na hofu kwamba mbwa wa umri huo akilazwa haamki. Dokta akasema umri peke yake si kizuizi. Kizuizi ni moyo, ini na figo, navyo vinapimwa. Siku ya nne baada ya kung'olewa alikula uji wa dona na dagaa, akalamba sufuria mpaka ikasogea hadi ukutani.

Nyonga ni kweli zimelika. Hilo halina dawa ya kulirudisha nyuma, kuna kulitunza tu, na kulitunza kwenyewe zaidi ni kazi ya nyumbani. Fundi seremala wa mtaani alinitengenezea ubao wa kupandia juu ya zile ngazi tatu, nikaugongomea kipande cha zulia kuukuu asiteleze. Alikaa siku mbili anauzunguka kama umewekewa mtego. Ndani ya banda nimemwekea kipande cha godoro ndani ya gunia la katani, kwa sababu mwezi wa sita na wa saba baridi inayoshuka kutoka Uluguru si ya mchezo, na saruji inanyonya joto la mwili usiku kucha. Kucha namkata mwenyewe. Mbwa anayetembea kidogo kucha zake hazisagiki, na ule wa pembeni, usiogusa ardhi, unaweza kujikunja mpaka ukaingia kwenye nyama. Na kila jioni tunatembea, hata kama ni kufika kwenye nguzo ya umeme na kurudi. Dokta alisisitiza hili: kulala siku nzima kunamaliza misuli ya mapaja, na misuli ndiyo inayoibeba nyonga mbovu.

Uzito nampima kwa kumbeba nikasimama naye kwenye mizani, halafu nikajitoa mimi. Katikati ya vipimo napapasa mbavu: nizihisi kwa vidole bila kukandamiza, ila nisizione kwa macho nikiwa nimesimama mbali. Maji nayo nayapima, kwa chupa. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo yake kwa siku ana jambo, inaweza kuwa figo, inaweza kuwa kisukari. Kwa Waache mpaka huo ni lita moja na nusu. Kwa jike ambaye hajafungwa kizazi, kunywa maji sana wiki chache baada ya kipindi cha kutaka dume kunaweza kuwa usaha kwenye mfuko wa uzazi, na huyo anakimbizwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Sasa chakula, na hapa nina la kusema kwa sauti ya baba yangu, ya kuvuka michongoma.

Kwetu mahindi yakiharibika hayatupwi. Gunia likiloa, likipata kile kijani na harufu ya kuvunda, mama wa nyumba anachagua mazuri ya watu, mabaya anasema, "Hayo sagisheni ya mbwa." Nyumba ngapi zinafanya hivyo? Ya kwetu ilifanya miaka yote. Ule ukungu unaweza kutoa sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kwa mahindi yao wenyewe. Kupika hakuiondoi, ugali ukiiva, sumu imebaki. Inakwenda kwenye ini. Na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi, tena kwa mbwa mzee ni ini ambalo limeshachuja mengi. Halafu akianza kutapika, macho yakiwa ya njano, tunasema nini? Tunasema amezeeka.

Waache sasa anakula dona tunayokula sisi, mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, na dagaa waliolowekwa chumvi ikatoka. Mchuzi wenye vitunguu hapewi, maana vitunguu maji na saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo basi, inapasuka vipande vyenye ncha. Mama aliona ni makuu. "Miaka yote amekula mifupa hajafa." Sikubishana naye. Nilikuwa nimeshampa diklofenaki, sina ubavu wa kumhubiria mtu.

Kuna usiku. Mwaka huu ameanza kuamka saa nane, anakwenda nyuma ya simtanki, anasimama ameuelekea ukuta. Hafanyi kitu, amesimama tu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Wakati mwingine anabweka, mara moja, kwa sauti ya kuuliza. Mama alisema anaona vitu ambavyo sisi hatuvioni, akataka kuchoma ubani. Alichoma, na banda likanukia vizuri. Dokta alisema ubongo wa mbwa unazeeka kama wa binadamu, unachanganya usiku na mchana, unasahau pembe za nyumba. Tumeacha taa ya nyuma ikiwaka, na nimewakataza watoto wa dada kuhamisha ndoo na baiskeli hovyo. Nimewakataza pia kumgusa akiwa amelala. Mbwa kiziwi mwenye maumivu akishtuliwa anang'ata kabla hajajua ni nani, hata kama ni mbwa aliyewalea.

Na ndiyo maana chanjo ya kichaa cha mbwa anapata kila mwaka kama kijana. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi huwa wanachanja bure majira hayo. Safari iliyopita kwenye foleni kijana mmoja aliniuliza kwa nini namsumbua babu, si amebakiza siku chache. Nilimwambia siku chache zina meno.

Jirani yule wa mpaka bado yupo. Ni mzee sana sasa, hutoka alfajiri kwenda msikitini akishika fimbo. Mwaka wa msiba alikuja akakaa matanga siku zote tatu, na tangu hapo yale ya mwembe hayajatajwa. Siku moja nilikuta kwenye upande wake wa michongoma kuna chombo cha udongo kina maji, pale Waache anapopenda kujinyoosha juani.

"Shikamoo mzee. Naona umemwekea mgeni maji."

"Marahaba. Huyu na mimi tuna nyonga moja," akasema. "Na kuna mtu alisamehewa na Mungu kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, hadithi sahihi hiyo. Ila usimwambie anikaribie. Ukimzoea mbwa atakufuata msikitini, na mimi nina kanzu moja nyeupe."

Halafu akamtazama kwa muda, akaniuliza jina lake ni nani hasa, maana alikuwa amelisahau.

Nikasema, "Waache."

"Waache tu?"

"Waache tu, mzee."

Swali la sindano ya mwisho nilimuuliza dokta mwenyewe, kabla hajaanza yeye. Sikutaka liwe swali la kiroba na pikapu. Akaniambia niandike vitu vitatu ambavyo huyu mbwa anavipenda kuliko vyote, vyake yeye, si vya mbwa kwa jumla. Viwili vikipotea na visirudi, tukae tuzungumze. Nimeviandika nyuma ya kalenda ya jikoni: kumsindikiza mama mpaka getini, kulala karibu na jiko la mkaa likiwa linazimika, kumbwekea bodaboda wa mikate.

Mama anasindikizwa bado, polepole, wote wawili wakiyumba upande mmoja. Jiko halina shida. Ni bodaboda. Jumatatu alipita, Waache hakuinua kichwa. Jumanne vilevile, na nikabaki nimeshika kalamu mbele ya kalenda bila kuandika. Leo asubuhi, sijui ni mtikisiko wa injini kwenye ardhi au ni harufu ya mikate, aliinuka, akashuka kwenye ubao wake, akasimama imara kwa miguu yote minne na kubweka kwa nguvu zake zote. Alikuwa ameelekea simtanki. Bodaboda ilikuwa nyuma yake. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikaingia jikoni nikaweka tiki.